Teksi ya London na Jina la Mchina



Usiku mmoja wa mvua nilishuka treni katika stesheni ya Euston nikiwa na mizigo mingi kuliko mikono, nikasimama kwenye foleni ya teksi. Dereva aliyenipata alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Aliponisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu, alinitazama kupitia kioo akanisalimu. Kumbe ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, na ameendesha teksi nyeusi za London zaidi ya miaka ishirini. Nilimsifia gari lake, kwa kuwa lilikuwa la umeme na halikuwa na ile ngurumo ya dizeli tuliyoizoea. Mzee akacheka, akasema: "Mwanangu, hii ni ya Mchina, lakini inakwenda."

Tulizungumza mengine mengi mpaka nikafika nyumbani, lakini neno lililobaki kichwani mwangu ni hilo dogo, "lakini". Mtu aliyekaa kwenye kiti cha gari hilo saa kumi kwa siku, anayelijua kuliko mhandisi yeyote, bado anaona haja ya kulitetea kwa sababu ya pasipoti ya mwenye kampuni. Nikajiambia kwamba hadithi ya teksi hii inafaa kusimuliwa vizuri, maana inatuhusu sisi tulio mbali na London labda kuliko wanaoipanda.

Teksi nyeusi ya London haikuundwa London hasa. Kwa miongo mingi makao yake yamekuwa Coventry, mji wa viwanda wa katikati ya Uingereza. Gari ambalo wengi wetu tulilifahamu kutoka kwenye filamu na kadi za posta, Austin FX4, lilitoka mwaka 1958 na likaendelea kutengenezwa, kwa mabadiliko madogo madogo, hadi mwaka 1997. Baada yake zikaja TX1, TXII na TX4. Sura yake haikuamuliwa na wachoraji peke yao. Tangu mwaka 1906 kumekuwa na masharti rasmi ambayo gari lazima liyatimize kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria kwa jina la teksi katika mji huu. Mashuhuri kati ya hayo ni lile la kugeuka: gari liweze kuzunguka katika upana wa futi 25, yaani karibu mita saba na nusu. Ndiyo maana teksi ya London hugeuka katikati ya barabara nyembamba kama paka kwenye ukuta. Kumbuka masharti hayo, msikilizaji, nitayarudia.

Mwaka 2006 kampuni iliyomiliki kiwanda cha Coventry, Manganese Bronze, iliingia ubia na kampuni ya Kichina ya Geely ili kutengeneza teksi hizo Shanghai pia. Mwanzilishi wa Geely, Li Shufu, ni mtu aliyeanza na vipuri vya friji, akaingia kwenye pikipiki, kisha akaingia kwenye magari wakati ambapo wengi nchini mwake walimwona kama mwendawazimu. Kwa Waingereza ubia huo ulikuwa njia ya kupunguza gharama, kwani kiwanda kilikuwa kidogo, soko lake dogo, na gari ghali. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba bodi na chesisi zitatoka China, na Coventry itabaki na kazi ya kuunganisha. Makumi ya watu walipoteza kazi.

Hapo naomba nisimame kidogo, maana sisi wa Afrika Mashariki tuna jambo la kusema. Katika miaka ya 1970 magari ya Leyland yalianza kuunganishwa Thika, nchini Kenya. Vipande vilifungwa kwenye masanduku Uingereza, vikapakiwa melini, na vijana wa Thika wakavifungua na kuvifunga bolti. Siku hizo tuliambiwa huo ndio mgawanyo wa kawaida wa dunia: wenye maarifa hutengeneza, wengine huunganisha. Miaka arobaini haikupita kabla Coventry nayo haijaanza kufungua masanduku yaliyotoka mbali. Simcheki mtu yeyote. Nimewahi kuzungumza na wafanyakazi wa viwanda katika eneo lile, na najua kazi ikiondoka katika mji wa namna hiyo huondoka pia na duka la pembeni, klabu ya mpira na mazungumzo ya baba na mtoto.

Kisha ukaja mwezi Oktoba 2012. Kampuni ilitangaza kwamba imegundua kasoro ya usalama katika boksi jipya la stelingi lililoanza kufungwa kwenye TX4 mapema mwaka huo, nalo lilitoka kwa mtengenezaji wa Kichina. Teksi 400 zikaitwa zirudi kiwandani. Uuzaji ukasimamishwa, hisa zikasimamishwa, na kabla mwezi haujaisha kampuni yenye historia ndefu ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Wafanyakazi zaidi ya mia moja wakaachishwa.

Stelingi si redio ya gari, msikilizaji. Ikigoma, dereva hana la kufanya. Kwa hiyo hofu ya madereva ilikuwa halali kabisa, na sitaki mtu afikiri naidharau. Lakini hukumu iliyotolewa mitaani ilikuwa fupi mno: wamepeleka kazi China, haya ndiyo matokeo.

Tatizo la hukumu hiyo ni kwamba inasahau mambo mawili. La kwanza, mwaka 2008 TX4 kadhaa, zilizotengenezwa Coventry kwa mikono ya Coventry, ziliwaka moto kwenye injini zikiwa barabarani, na mamia ya teksi za toleo hilo yakatakiwa kuondolewa barabarani hadi yakaguliwe. Sikumsikia mtu akisema "ndivyo walivyo Waingereza". Kosa lilichukuliwa kuwa kosa, likatafutiwa dawa. La pili, kampuni ilikuwa haijapata faida kwa miaka kadhaa kabla ya stelingi, na miezi michache kabla ya kuanguka ilikiri kwamba hesabu zake zilikuwa na makosa ya mamilioni ya pauni. Hesabu hizo hazikutoka Shanghai.

Hata boksi lile la stelingi halikujipeleka lenyewe Coventry. Kuna mtu aliyelichagua, mtu aliyekubali bei, na mtu aliyetakiwa kulipima kabla halijafungwa kwenye gari litakalobeba watu. Nia yangu si kumsafisha Mchina. Aliyetengeneza kitu kibovu ametengeneza kitu kibovu. Nasema tu kwamba kati ya kiwanda na abiria kuna milango kadhaa, na kila mlango una mlinzi wake.

Sasa tazama kilichofuata. Mwezi Februari 2013 Geely iliinunua biashara ile kwa pauni milioni 11 hivi, bei ambayo katika baadhi ya mitaa ya London haikununulii hata nyumba. Mwezi Machi 2017 ikafungua kiwanda kipya kabisa huko Ansty, nje kidogo ya Coventry, kilichogharimu zaidi ya pauni milioni 300. Teksi mpya ina bodi ya alumini, huenda kwa umeme, na ina injini ndogo ya petroli ya kuchaji betri safari ikiwa ndefu. Injini hiyo ni ya Volvo, maana Geely ilikuwa imeinunua Volvo kutoka kwa Ford mwaka 2010. Ilianza kubeba abiria London mwaka 2018, mwaka uleule ambao sheria ya mji huu ilianza kudai kwamba kila teksi mpya inayosajiliwa iwe na uwezo wa kwenda bila kutoa moshi. Hiyo ndiyo teksi iliyonipeleka nyumbani usiku ule. Fedha ni za Kichina, mikono ni ya Coventry, masharti ni ya London, na dereva ni wa Mombasa.

Si kila hadithi ya aina hii imeishia hivyo. Si mbali sana na Coventry, huko Longbridge, Birmingham, palikuwa na kiwanda kilichoanzishwa na Herbert Austin mwaka 1905. Mini ilianza kutengenezwa hapo mwaka 1959. Baada ya kupita mikononi mwa serikali na kwa wenye mali mbalimbali, mwaka 2000 BMW ya Ujerumani iliiuza kampuni hiyo kwa pauni kumi. Si milioni kumi, pauni kumi. Mwezi Aprili 2005 MG Rover ikafilisika na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Kampuni ya Nanjing ikanunua mabaki, mitambo ikafunguliwa, ikapakiwa, ikapelekwa China. Nakumbuka uchungu uliokuwamo katika habari za siku zile. Walioshikwa kwenye picha ni Wachina waliokuwa wakifungua bolti, lakini wao walifika baada ya mazishi. Magari ya Kiingereza ya miaka ya 1970, Austin Allegro likiwa mfano unaotajwa kila mara, yalikuwa kichekesho kwa Waingereza wenyewe muda mrefu kabla Nanjing haijasikika huku.

Leo jina la MG, lililozaliwa Oxford katika miaka ya 1920, lipo kwenye magari yanayotoka China, na madereva wengi wa magari ya kukodi London, wakiwamo Wasomali na Waafrika Mashariki wengine, wanayaendesha bila haya. Hata Mini ya umeme, yenye jina la Kiingereza na mwenye mali Mjerumani, ilihamishiwa Zhangjiagang, nchini China, toleo jipya lilipotoka mwaka 2023. Huko nyuma ungedhani ni utani.

Je, shaka ya zamani ilikuwa chuki tupu? Hapana. Mwaka 2005 gari la Kichina la Landwind lilijaribiwa na chama cha wenye magari cha Ujerumani kwa kugongeshwa, na matokeo yalitisha. Mwaka 2007 gari jingine la Kichina, Brilliance, likapata nyota moja. Waliosema "siwezi kumpakia mwanangu humo" walisema kweli kwa siku ile. Lakini mwaka 2013 gari la Qoros, lililotengenezwa China, lilipata nyota tano katika majaribio ya Euro NCAP, na mwaka 2022 MG4 nayo ikapata tano. Miaka sita inatenganisha nyota moja na nyota tano. Fikra za watu hazitembei kwa kasi hiyo.

Wala hazijawahi kutembea kwa kasi hiyo. Mwaka 1887 Bunge la hapa London lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, kwa sababu wahunzi wa visu wa Sheffield walilalamika kwamba Wajerumani wanauza visu dhaifu vyenye alama za kuiga za Kiingereza. Bidhaa za kigeni zilizoweza kumdanganya mnunuzi zikatakiwa zitaje nchi zilikotoka. Maneno "imetengenezwa Ujerumani" yaliwekwa ili yawe aibu. Baada ya muda mfupi wanunuzi wakaanza kuyatafuta. Toyota nao walipopeleka gari lao la Toyopet Marekani mwaka 1957, halikuziweza barabara kuu za kule, wakalazimika kuliondoa.

Kwetu, aliyeondoa shaka juu ya Mjapani hakuwa mtangazaji wa biashara. Ilikuwa ni Safari Rally. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600, akashinda tena mwaka uliofuata kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1974 Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer. Watu walisimama kando ya barabara, wakaona kwa macho yao gari gani limepita na gari gani limezama kwenye tope. Wazee wetu walioapa kwa Peugeot na Land Rover hawakubishana tena. Hadi leo Mtanzania hufurahi kununua gari lililokwisha kutumika Japani miaka kumi, kuliko jipya kutoka kwingine.

Sasa niseme la nyumbani kwangu, ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Miaka kadhaa iliyopita familia yetu ilichanga fedha kumnunulia mpwa wangu pikipiki ya Kichina huko Morogoro, aanze biashara ya bodaboda. Ilikwenda vizuri. Baada ya mwaka akabadilisha waya wa breki, akanunua mwingine katika duka la vipuri la jirani. Wiki ya tatu waya ukakatika mteremkoni. Abiria aliruka salama. Mpwa wangu alivunjika mguu, na mpaka leo huchechemea wakati wa baridi. Ukoo mzima, pamoja nami, tulisema neno moja: Mchina.

Nilipokwenda likizo nilipita kwenye duka lile. Sikwenda kugombana, nilikwenda kwa udadisi wa kazi yangu. Mwenye duka alinikaribisha kwa heshima, akaagiza chai. Husafiri mwenyewe mpaka Guangzhou kununua mzigo. Nikamuuliza kwa nini wanatutengenezea vitu vibovu. Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgeni. "Dada yangu," akasema, "kule ukiingia dukani unaulizwa kwanza unataka ya bei gani. Waya huohuo upo wa daraja la kwanza, la pili na la tatu. Wa kwanza niliwahi kuuleta, ukakaa rafuni mpaka ukashika vumbi. Ninaleta unaonunuliwa."

Msikilizaji, nimehudhuria mikutano mingi ya wataalamu kuhusu biashara kati ya Afrika na China, na sikupata humo maelezo yaliyo wazi kama hayo. Pikipiki ile haikuwa mbovu, na kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa cha nchi ileile iliyotengeneza waya uliokatika. Tofauti iliwekwa na oda. Mfanyabiashara wetu aliagiza cha chini, kwa sababu sisi tunanunua cha chini, na hapakuwa na mtu katikati aliyemwambia kwamba waya wa breki si kitu cha kuagizwa daraja la tatu.

Hapo ndipo yanaporudi yale masharti ya teksi ya London. Anayetaka kuiuzia London teksi, awe Mwingereza, Mchina au Mjerumani, hukuta karatasi mezani: gari ligeuke katika futi 25, kiti cha magurudumu kiingie, breki zifanye hivi, moshi usizidi vile. Akishindwa, hauzi. Geely hawakujenga kiwanda cha Ansty kwa mapenzi ya Malkia. Walijenga kwa sababu soko walilolitaka lilikuwa na mlango na mlinzi. Na mwaka 2012 mlango ulipoachiwa kidogo, wa Coventry walifahamu gharama yake.

Kwetu milango ipo, nisiidharau. Shirika la Viwango la Kenya lilianzisha mwaka 2005 utaratibu wa kukagua bidhaa huko huko zitokako kabla hazijapakiwa, na Shirika la Viwango Tanzania likafuata mwaka 2012. Lakini kontena lililokaguliwa ni jambo moja, na waya wa breki uliofungwa ndani ya magunia ya mzigo mchanganyiko ni jambo jingine. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016 yalikuwa ya Kichina, ya Golden Dragon, na mabasi ya Yutong yamechukua njia ambazo zamani zilikuwa za Scania peke yake. Kampuni kubwa ya mabasi huweza kutuma fundi wake kiwandani na kukataa kisichofaa. Mpwa wangu hana fundi wa kumtuma Guangzhou. Yeye hana mlinzi mwingine isipokuwa shirika la viwango na dhamiri ya mwenye duka.

Kuna atakayeniambia kwamba maskini hana hiari, kwamba ukilazimisha daraja la kwanza utamnyima kijana pikipiki kabisa. Hoja hiyo ina uzito kwa kiti, kwa kioo, kwa rangi na kwa taa ya urembo. Kwa breki na stelingi haina, kwa maoni yangu, na nchi inaweza kutenganisha mambo hayo mawili bila kupiga marufuku kitu kingine chochote.

Kabla sijaondoka dukani nilimwomba yule bwana anioneshe waya wa daraja la kwanza, kama bado anao. Alipanda ngazi, akautoa nyuma ya boksi la taa, akaupangusa vumbi kwa kiganja. Nilimuuliza bei. Ulizidi ule wa kawaida kwa shilingi elfu nne. Nikanunua wote aliokuwa nao, minne, nikampelekea mpwa wangu.